Mji wa gemu lako umepoa? Tufuate dalili mpaka tufike kwenye chanzo

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwa wale wanaotengeneza magemu ya RPG (yale ambayo mchezaji anaigiza mhusika ndani ya stori), hasa sisi wa Dar tunaofanya hizi kazi usiku baada ya mishe za mchana, na naongelea kitu kimoja tu: mji. Nimecheza magemu mengi ya vijana wetu, mapigano yako vizuri, stori ipo, michoro inavutia, ila ukiingia mjini unaona kabisa hapa hakuna mtu anayeishi. Majengo yapo, watu wapo, soko lipo, na bado pamepoa.

Msimamo wangu nauweka mapema: karibu kila tatizo la mji linatokana na mji kujengwa kwa ajili ya mchezaji peke yake. Fundi yupo ili akuuzie panga, mgahawa upo ili upewe misheni, mlango upo ili wewe uufungue. Hakuna mtu hata mmoja mwenye shida zake. Sasa sisi tunaishi kwenye jiji ambalo kila mtu ana pilika zake na hamna anayekusubiri wewe, kwa hiyo tuna darasa la bure nje ya mlango, tulitumie.

Kabla hujagusa chochote fanya kipimo. Zima vitu vyote vya kwenye skrini, ramani ndogo, alama za misheni, majina juu ya vichwa, alafu msimamishe mhusika wako kwenye kona moja alfajiri ya gemu na usibonyeze kitu mpaka giza liingie. Andika unachokiona. Kisha rudia, safari hii kamera imfuate mtu mmoja wa kawaida kabisa siku nzima, asiwe wa misheni. Ukimaliza utakuwa na orodha ya mambo yanayokukera, chukua hiyo orodha uilinganishe na dalili hizi hapa chini.

Dalili: watu wamejaa ila wanazurura tu

Hii ndo inaongoza. Mama kabeba kikapu anatembea mpaka ukutani, anageuka, anarudi alikotoka, anageuka tena. Chanzo chake ni kwamba umempa njia ya kutembea hujampa sababu ya kutembea. Injini nyingi (programu za kujengea gemu) zina mfano wa tabia ya kuzurura, unaunakili, unambandikia kila mtu, mji unaonekana una watu, kazi imeisha. Haijaisha.

Na usiseme hii inahitaji kompyuta ya kutisha, maana gemu ya Ultima V ya mwaka 1988 tayari ilikuwa na watu wanaoamka, wanakwenda kazini, wanakula, wanalala. Gothic ya 2001 ikafanya hivyo hivyo kwenye 3D, na Oblivion ya 2006 ikaja na mfumo wao wa Radiant AI ambapo mhusika anapewa lengo, mfano ale, alafu anatafuta mwenyewe pa kulipata hilo lengo. Simu ya mtu wa kawaida leo ina nguvu kuliko kompyuta za enzi hizo, kinachokosekana ni sisi kukaa chini tukafikiria.

Dawa: kila mhusika muulize maswali matatu. Ana shida gani leo, inatatuliwa wapi, na nini kinaweza kumkwamisha. Watu wengi wanajibu mawili ya kwanza wanasahau la tatu, na hilo la tatu ndo lenye utamu. Mfano maji. Mtaani kwetu maji yakitoka kwa zamu, mwenye bomba akifungua utaona foleni ya madumu na ndoo imejipanga vizuri kabisa ila watu wenyewe hawapo, kila mtu kaweka ndoo yake ishike nafasi kaenda kumalizia kuosha vyombo, amebaki mtu mmoja wawili wanaoangalia. Ndoo ikikaribia bomba mwenyewe anaitwa kwa sauti. Mtu akija akaisogeza ndoo ya mwenzake pembeni, hapo ndo zogo linaanza. Angalia hiyo kitu kwa jicho la mtengeneza gemu: ndoo ni kifaa tu, haina akili, haihesabu njia, haili nguvu ya prosesa, na ndoo kumi na tano pale chini zinamwambia mchezaji kwamba kuna familia kumi na tano nyuma ya kuta hizo. Na umepata ugomvi bure, na ukitaka umepata misheni.

Kitu kingine kinachotibu uzururaji ni deni. Mpe kila mtu wa maana angalau uhusiano wa aina mbili na watu wengine, na mmoja uwe wa kudaiana. Duka la mtaani lina daftari la madeni, wote tunalijua. Anayedaiwa na Mangi hapiti mbele ya duka, anazunguka kichochoro cha nyuma mpaka alipe. Kwenye kodi ya programu hii ni kazi ndogo sana, unaongeza tu gharama ya njia kwenye eneo la mbele ya duka kwa huyo mtu mmoja, mfumo wa kutafuta njia unamzungusha wenyewe. Mchezaji akimfuata siku mbili akaona anakwepa, ataanza kujiuliza, na hapo hujaandika hata mstari mmoja wa mazungumzo.

Dalili: ratiba zipo lakini muda hauko sawa

Hapa kuna magonjwa matatu yanayofanana kwa nje.

La kwanza linatuhusu sisi hasa. Muuza chapati anafungua biashara usiku wa manane, giza totoro, na mlinzi wa usiku anaingia kazini mchana. Chanzo: anayeandika stori kaandika saa 2 asubuhi, anayeandika skripti kaingiza 2, na injini inahesabu kuanzia saa sita usiku. Kila saa ya kwetu iko nyuma au mbele kwa masaa sita. Msirekebishe moja moja, mtamaliza nguvu. Kubalianeni kwamba kwenye jedwali la ratiba mnaandika saa za Kiswahili pamoja na neno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, alafu kuwe na fanksheni moja tu inayobadilisha kwenda saa za injini, na mtu asiingize namba mkono mtupu popote pengine.

La pili, mji mzima unatoka nje kwa pamoja saa 12 asubuhi, milango inafunguka kwa mpigo, jioni wanarudi kwa mpigo. Hapo umeandika "asubuhi" moja kwa watu wote. Kuongeza dakika za kubahatisha kwa kila mtu kunasaidia ila ni dawa ya maumivu tu. Dawa yenyewe ni kazi tofauti kuwa na alfajiri tofauti. Anayepika supu na vitumbua ameamka kabla ya adhana ya alfajiri maana wateja wake wa kwanza ni makonda na madereva, wanafunzi wanafuata, alafu watu wa ofisini, muuza duka anafungua taratibu, na fundi seremala anaweza akaja saa nne na hamna anayeshangaa. Na kuna watu ambao asubuhi yako ndo usiku wao, walinzi wanarudi nyumbani wanapishana na wewe mlangoni. Ukipanga hivyo barabara haikai tupu na haijai watu wote kwa wakati mmoja, watu wanapishana.

La tatu ndo wengi hawalioni: NPC wako (watu wa gemu wasioendeshwa na mchezaji) wanachelewa kila siku, muda wote wako njiani, hawafanyi kazi. Angalia kasi ya muda. Skyrim ya 2011 kasi yake ya kawaida ni 20, yaani dakika 1 yako ni dakika 20 za mule ndani, siku nzima inaisha kwa dakika 72. Sasa chukua mtu anayetembea mita 1.4 kwa sekunde na soko liko mita 400 kutoka kwake, atatumia karibu dakika 5 za kweli, lakini mule ndani imeshapita kama saa moja na dakika 35. Kwenda na kurudi ni masaa matatu. Na wewe ulimpa saa moja ya kula mchana nyumbani! Punguza kasi ya muda, au sogeza makazi karibu na kazi, au acha kumpangia kwa saa kabisa umpangie kwa mfuatano, akimaliza hiki ndo anaanza kile, na saa itumike tu kwa mambo machache kama kulala na kufunga duka. Mimi napendelea hiyo ya mwisho kwa gemu ndogo.

Dalili: watu wananasa mlangoni, kwenye ngazi, vichochoroni

Hii ya kiufundi, tuipitie kwa wanaotumia injini ya Godot 4 maana naona ndo wengi kwa sasa. Mtu anakwaruza ukuta wa kona mpaka jua linazama, unaenda kuongeza namba ya radius (nusu kipenyo) kwenye NavigationAgent, ile sehemu inayomtafutia mhusika njia, hamna kinachobadilika. Haitabadilika, kwa sababu ile radius ya agent ni ya kukwepana na wenzake tu, njia yenyewe haihusiki nayo. Upana wa njia unatoka kwenye navmeshi, yaani ramani ya sehemu zinazopitika, kwenye agent radius unayoweka kabla ya kuoka (kuitengeneza hiyo ramani). Badilisha pale, oka upya. Ukishaongeza hiyo, ugonjwa unaweza ukageuka, vichochoro vyembamba vikapotea kabisa kwenye navmeshi na watu wakawa wanazunguka mtaa mzima. Hapo cheki ukubwa wa seli, vile viboksi vidogo ambavyo navmeshi inapimiwa, seli kubwa inameza njia nyembamba. Na kama bado, panua kichochoro, mchezaji hatagundua kwamba umeongeza nusu mita.

Mlango ni stori nyingine. Watu wawili wakikutana mlangoni, mmoja anatoka mmoja anaingia, wanasukumana milele. Weka alama ya kusubiri kila upande wa mlango na mlango uwe na "mwenye zamu" mmoja. Akisubiri, mpe animesheni ya kuegemea, basi.

Dalili: kila mtaa unafanana na mwingine

Umenunua au umepakua aseti (modeli zilizo tayari) za nyumba kadhaa, umezipanga, umezungusha moja nyuzi 90, umebadilisha rangi ya bati, bado mchezaji anapotea kwa sababu hana cha kushika. Wengi wanadhani chanzo ni uchache wa modeli, wanaenda kutafuta zingine. Mimi nasema chanzo ni kwamba mji hauna historia, umezaliwa wote siku moja.

Angalia Dar ilivyokaa. Bandari ya asili, Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga miaka ya 1860, Wajerumani wakahamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, watu wakagawanywa kwa rangi, Uzunguni kule, Uhindini huku, Uswahilini kule nyuma. Kariakoo ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, leo ndo soko linalolisha nchi na majirani, na jengo la soko kuu lililochorwa na Beda Amuli likaja miaka ya 1970, lile lenye paa za zege zilizochanua juu. Barabara kubwa nne zinatawanyika kutoka katikati, Bagamoyo, Morogoro, Nyerere, Kilwa, na mji umejaa kwanza kando ya hizo barabara, katikati yake ndo watu wakajaziajazia wenyewe, ndo maana Kariakoo mitaa imenyooka kwa rula na Tandale inapinda inavyotaka. Mtu akikushusha umefumba macho, ukifungua unajua uko wapi.

Kwa hiyo kabla ya kupanga nyumba chukua karatasi uchore mji wako mara tatu: ulivyokuwa siku ya kwanza, na kwa nini uko hapo, maji, bandari, mgodi, njia panda, chochote. Alafu mtu gani mwenye nguvu akaja akauchora upya na akamsukuma nani pembeni. Alafu watu waliokuja kutafuta maisha wakajenga wapi palipobaki. Tabaka tatu zinatosha. Kila nyumba iwe ya tabaka moja, na sehemu tabaka mbili zinapokutana ndo weka vitu vyako vizuri vyote, maana pale ndo mambo hutokea.

Alafu shuka kwenye nyumba moja moja. Mji unaoishi haujaisha kujengwa. Nondo zimechomoza juu ya nguzo zikisubiri ghorofa ya pili, tofali zimepangwa uani zimeanza kuota ukungu kwa sababu hela imekata, ukuta umeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI kwa rangi nyekundu kwa sababu ndugu mmoja alitaka kuiuza wenzake hawajui. Au nyumba ina alama ya X kubwa mbele, barabara inapanuliwa, itabomolewa. Hayo maandishi mawili ukiyabandika kwenye modeli ile ile ya nyumba unapata nyumba mbili tofauti zenye familia mbili tofauti, na hujachora kitu kipya zaidi ya tekscha, ile picha inayobandikwa juu ya modeli. Kwa gemu ya kufikirika yenye wachawi na majoka badilisha alama, muhuri wa mfalme, kitambaa cheusi, chochote, ila maana ibaki: kuna kitu kinaendelea hapa na hakikuhusu.

Na ndani je? Ndani kwingi ni kitanda, meza, kreti la kuiba. Jaribu nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma wenye choo na sehemu ya kupikia. Kila chumba mpangaji wake, kila mlango pazia lake, uani majiko ya mkaa yamepangana na kila sufuria ina mwenyewe. Jengo moja dogo, maisha sita, na yote yanagongana kwenye korido na kwenye kuchangia umeme. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo ya modeli sijaona jengo linalolipa zaidi ya hili.

Dalili: mji ni mkubwa mno au mdogo mno

Fupi tu. Ukiona umejenga mitaa ishirini na mchezaji anatumia mitatu, futa. Kamurocho ya magemu ya Yakuza, iliyochorwa kwa kufuata Kabukicho ya Tokyo, ni kaeneo kadogo kabisa, na wachezaji wanakajua kona kwa kona kwa sababu wamekarudia gemu baada ya gemu. Jenga mtaa mmoja ukamilike. Kwingine kutajwe tu: gari limeandikwa linakokwenda na limejaa watu wa huko, mtu anasema shangazi yake anaumwa huko, samaki wanatoka huko. Jiji zima mchezaji atalijenga mwenyewe kichwani.

Dalili: soko lina bidhaa lakini halina biashara

Muuzaji ana panga 12 na viazi 40, unamuuzia takataka zako zote, hela inamwishia, unarudi baada ya siku mbili kajaa tena. Skyrim ndo ilivyo, wauzaji wanajazwa upya kila baada ya masaa 48 ya mule ndani, na kwa gemu kubwa vile inavumilika kwa sababu kuna mengine ya kufanya. Gemu ndogo haina pa kujificha.

Chagua bidhaa moja tu, sio zote, uifuatilie kutoka inapotoka mpaka inapoishia. Chukua samaki wa soko la Feri hapa Dar. Mitumbwi inaingia asubuhi, mnada unapigwa pale pale, dalali anataja bei juu juu mpaka mtu anakubali, wakaangaji wanabeba, karai kubwa la mafuta linachemka, wachuuzi wanachukua waliokaangwa wanapakia kwenye beseni na kwenye ndoo wanasambaa mitaani, jioni kuna mtu kaweka meza na kibatari au taa ndogo nje ya nyumba yake Mbagala anauza vipande, na vichwa vimekwenda kwa anayependa mchuzi. Ukishaweka mnyororo mmoja wa hivyo umepata ratiba za watu wengi kwa mkupuo, sauti, harufu ya kuandikia kwenye mazungumzo, na bei zinazopanda na kushuka kwa sababu inayoeleweka. Na hapo mchezaji akifanya kitu kama kuziba daraja au kuchoma mitumbwi ya maharamia waliokuwa pia wavuvi, jioni meza ya samaki haipo. Hujaandika matokeo, yamejitokeza.

Swali lingine la haraka kuhusu soko: wauzaji wamekaa wapi? Watu wanapanga vibanda kwenye uwanja mzuri wa katikati kwa sababu unapendeza. Biashara inakwenda watu wanapolazimika kusubiri. Kivukoni watu wanasubiri pantoni ya Kigamboni, kwa hiyo kuna maji, karanga, korosho, miwani. Kwenye taa foleni ikisimama wanatokea wauza vitambaa na chaja. Kwa hiyo tafuta mji wako unasubirisha watu wapi. Geti ambalo mikokoteni inakaguliwa kodi, mlango wa mganga, ofisi ya liwali, gati. Weka uji na kahawa hapo, toa nusu ya vibanda vya uwanjani, alafu cheki tofauti.

Dalili: ukifumba macho hujui uko wapi

Muziki unapiga mwanzo mwisho na chini yake kuna ile rekodi moja ya "kelele za watu" inayojirudia. Zima muziki mjini, au uuweke kwenye redio ya mtu, usikike unapokaribia na ufifie ukiondoka. Alafu kila biashara inayotembea ipe sauti yake. Mtaani kwetu muuza kahawa anagonganisha vikombe, fundi cherehani kabeba mashine begani anachezesha mkasi, muuza rangi za kucha anagonganisha vichupa, na mtu aliye ndani anajua nani anapita bila kuchungulia dirishani. Hizo ni sauti fupi fupi, kila moja ni faili dogo, zinatembea na mhusika. Na ziwe na saa: jogoo, adhana, fagio la chelewa uani, kelele za wapiga debe, mchana pooza kidogo, jioni sufuria na watoto, usiku mbwa na filimbi ya mlinzi. Kwa gharama ndogo hivi sijui kwa nini watu wanaiacha sauti iwe ya mwisho.

Dalili: wanaongea kama hawajuani

Sentensi nne zinajirudia, na zote wanamwambia mchezaji. Kwanza fanya wasalimiane wao kwa wao. Sisi salamu inabeba habari nyingi: mdogo anamwamkia mkubwa shikamoo, marika wanaitana oya, mambo vipi, na mama anaitwa kwa jina la mwanae, mama Rehema, kwa hiyo Rehema lazima awepo mahali. Kwenye data kila mtu awe na umri na ukoo, fanksheni ya salamu ilinganishe hivyo viwili. Mtoto akimwamkia mzee kila siku na siku moja akapita bila kuamkia, mchezaji atajua kuna jambo.

Pili, habari. Ile ya kuua kuku mmoja kijijini Skyrim na kila mtu anakugeukia hapo hapo inajulikana dunia nzima. Chanzo cha magonjwa kama hayo ni habari kuwa swichi moja ya mji mzima, imewashwa au imezimwa. Ifanye habari iwe kitu chenye mahali na saa iliyozaliwa, na inayosafiri kwa kubebwa na watu: aliyeona anakwenda kijiweni kwenye kahawa na drafti, waliopo pale wanaipata, kila mmoja anarudi nayo kwake, saluni inaipata jioni, na geti la mjini linaipata kesho yake. Mchezaji mwizi anapata muda wa kukimbia, na mchezaji mwema anafika mtaa wa pili akiwa bado mgeni. Ukitaka iwe tamu zaidi, kila ikibebwa mara mbili tatu badilisha kipengele kimoja, mwizi mmoja awe wawili, kuku awe mbuzi.

Dalili: fremu (picha kwa sekunde) zinashuka ukiingia mjini

Bila shaka umewapa wote akili sawa. Gawa mafungu. Walio karibu na mchezaji wafanye kila kitu. Walio mbali kidogo watembee bila kukwepana na waamue mambo mara chache. Waliopo nje ya macho wasiwe na mwili kabisa, wabaki mstari kwenye jedwali, jina, yuko wapi, anafanya nini, mchezaji akikaribia unawapiga hesabu kwa saa ya sasa na kuwaweka. Ila wasizuke katikati ya barabara, watokee mlangoni, au wakutwe tayari wamekaa kazini. Wachezaji wetu wengi wako kwenye simu, kwa hiyo hili lipange mwanzoni kabisa, kulirudishia mwishoni ni kubomoa nyumba.

Dalili: mvua inanyesha na hakuna anayejali

Nimeiacha mwisho kwa sababu inagusa yote ya juu. Matone yanaanguka, ardhi inang'aa, na muuza vitambaa kakaa vile vile na vitambaa vyake. Mvua kwako ni pambo la skrini tu. Dar masika yakianza, Machi mpaka Mei, bonde la Msimbazi likijaa Jangwani panafungwa, na barabara ya Morogoro ikifungwa pale mji unakatika vipande viwili, watu wanazungukia njia zingine, nauli ya bodaboda inapaa, bidhaa zinachelewa kufika Kariakoo, mtu anafika kazini saa sita na bosi anaelewa.

Fanya hivi: weka kwenye ramani yako sehemu moja ya chini ambayo njia kuu lazima ipite. Mvua ikizidi kiwango, zima kile kipande cha navmeshi. Ratiba ulizozipanga kwa mfuatano zitajirekebisha, watu watatafuta njia ndefu, watachelewa, mnyororo wako wa samaki utakatika, habari zitasafiri taratibu, wauzaji watahamia chini ya paa na chini ya madaraja, na wavushaji wa mgongoni watatokea kuvusha watu kwa malipo. Kisha kila athari ipe muda wake wa kuisha kwenye jedwali la hali ya mji, maji yakauke kwa siku moja, tope libaki tatu, bei ya nyanya irudi taratibu baada ya wiki, na aliyehamia kwa ndugu asirudi mpaka nyumba ikauke. Ukiziacha zote ziishe pamoja na wingu, mchezaji ataona kwamba mvua ilikuwa ya kwake tu.